Pointi 158 Zilizoshindwa: Hasara ya Timu Iwaachayo Walinzi Wake

Mpira wa kikapu ni mchezo ambao sifa zake hugawanywa bila usawa. Mchezaji atumbukizaye mpira kikapuni hushangiliwa papo hapo, na jina lake hutajwa njiani mpaka nyumbani. Yule aliyesimama mbele ya mshambuliaji akamnyima njia hana wa kumshangilia, kwa sababu kazi yake inapotimia hakuna kinachoonekana. Mpira haukuingia, pointi haikuhesabiwa, na watazamaji wamekwisha kugeuza shingo zao upande wa pili.

Kwa hiyo si ajabu kwamba timu itakapo kujijenga upya aghalabu humtoa mlinzi na kumleta mfungaji. Mambo hayo hutendeka katika ligi za mamilioni ya dola. Yanaweza kutendeka vilevile katika kiwanja chochote cha pwani ya Tanganyika, tangu Bujumbura, ziliko timu kubwa kama Urunani na Dynamo, hadi Minago na Rumonge kwa barabara ya ziwani. Kijana mwenye simu huona mitupo ya mbali ya Wamarekani, naye hutamani kutupa kama wao. Nahodha achaguaye watano wake hushawishika kuanza na wale wajuao kutupa, na wale wajuao kuzuia wakabaki nje wakishika nguo za wenzao.

Je, biashara hiyo ina faida? Uko mji mmoja wa Marekani uliojaribu njia zote mbili, si mara moja bali mara kadhaa, na hesabu zake zote zimeandikwa. Mji huo ni Denver, na timu yake huitwa Nuggets. Historia yake yafaa kujulikana na kila mwenye kuunda timu, iwe kubwa au ndogo.

MJI WA MILIMANI

Denver ni makao makuu ya jimbo la Colorado. Umejengwa kwenye kimo cha mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha maji ya Ziwa Tanganyika, ambacho ni mita 770 hivi. Mwenyeji wa Minago apandaye milima ya Burundi kwa haraka anajua namna pumzi inavyopungua huko juu. Hali kadhalika timu zitokazo mabondeni hufika Denver zikahema, na kwa sababu hiyo wenyeji waliona tangu zamani kwamba mbio ni silaha yao.

Chini ya kocha Doug Moe, Nuggets ya miaka ya 1980 ilikimbia kuliko timu nyingine zote. Katika msimu wa 1981-82 ilifunga wastani wa pointi 126.5 kwa kila mchezo, na wastani huo haujafikiwa na timu yoyote ya ligi ya NBA mpaka leo. Lakini wapinzani nao walikuwa wakiifunga wastani wa pointi 126.0. Nguvu zote zile zilileta faida ya nusu pointi tu, na timu ikashinda michezo 46 kati ya 82.

Tarehe 13 Desemba 1983 Denver iliikaribisha Detroit nyumbani. Baada ya vipindi vitatu vya nyongeza matokeo yalikuwa 186 kwa 184. Hakuna mchezo mwingine wa NBA uliopata kuwa na pointi nyingi kiasi hicho. Kiki Vandeweghe wa Denver alifunga pointi 51 peke yake, na mwenzake Alex English akafunga 47. Pamoja na hayo yote, walioondoka na ushindi walikuwa wageni. Timu ilifunga pointi 184 ikashindwa.

MFUNGAJI ATOKA, WALINZI WAINGIA

Mwaka 1984 viongozi wa Denver walitenda jambo lililowashangaza wengi. Walimtoa Vandeweghe, aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 29.4 kwa mchezo, wakampeleka Portland. Wao wakapokea watu watatu pamoja na nafasi za kuchagua wachezaji wapya. Watu hao ni Calvin Natt, shujaa wa kugombea mpira, Wayne Cooper, mtu mrefu wa kulinda kikapu, na kijana mmoja aitwaye Lafayette Lever, maarufu kwa jina la Fat Lever.

Lever hakuwa mrefu kwa kipimo cha mchezo huo. Kimo chake kilikuwa mita 1.90 hivi. Lakini alikuwa na mikono myepesi ya kunyang'anya mpira, na alijua mahali mpira utakapoangukia kabla haujagonga ubao. Ingawa alicheza nyuma kama mwendesha mchezo, alidaka mipira irudiyo ubaoni kwa wingi kuliko warefu wengi. Mwaka 1988 alichaguliwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi.

Matokeo ya mabadilishano yale yalionekana upesi. Msimu wa 1983-84, pamoja na mfungaji wake mkubwa, Denver ilikuwa imeshinda michezo 38 na kushindwa 44. Msimu uliofuata, bila yeye, ilishinda 52 na kushindwa 30, ikafika miongoni mwa timu nne za mwisho za mashindano. Timu haikuacha kukimbia wala kufunga. Iliongeza tu watu wa kuurudisha mpira ulipopotea.

BIASHARA YA MWAKA 1990

Somo hilo lilisahauliwa baada ya miaka sita. Mwezi Juni 1990 Denver ilimpeleka Lever Dallas, ikapokea nafasi za kuchagua vijana wapya. Kwa kutumia mojawapo ya nafasi hizo, pamoja na nyingine iliyokuwa nayo, ilipanda mpaka nafasi ya tatu, ikamchagua Chris Jackson, kijana aliyesifika kwa kutupa na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mahmoud Abdul-Rauf. Mwaka huohuo Alex English, mfungaji mkuu wa muda mrefu, alihamia Dallas pia, na Danny Schayes, mtu wa kati chini ya kikapu, akapelekwa Milwaukee. Kocha Moe naye aliondolewa.

Mahali pake aliwekwa Paul Westhead. Huyu alikuwa ametoka katika chuo cha Loyola Marymount cha California, ambako timu yake ya wanafunzi ilifunga wastani wa pointi 122.4 kwa mchezo katika msimu wa 1989-90. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza. Mchezaji akipata mpira, akimbie na kuutupa kikapuni ndani ya sekunde chache tu, ingawa sheria ya ligi inampa sekunde 24. Mpinzani akiwa na mpira, abanwe uwanja mzima. Na kama akipenya akafunga, basi, kwani mpira hurudi kwetu na mbio zinaendelea. Iliaminiwa kwamba katika hewa nyembamba ya Denver mpinzani angechoka kwanza.

Tarehe 2 Novemba 1990 mpango huo ulijaribiwa kwa mara ya kwanza katika ligi, dhidi ya Golden State. Denver ilifunga pointi 158 katika dakika 48 za kawaida, bila ya kipindi cha nyongeza. Golden State ilifunga 162. Siku nane baadaye timu ilikwenda Phoenix, na huko wenyeji walifunga pointi 107 katika nusu ya kwanza peke yake, jambo lisilopata kutokea kabla ya siku hiyo wala baada yake. Mchezo ulimalizika kwa 173 kwa 143.

Mwisho wa msimu hesabu ilikuwa hivi. Denver ilifunga wastani wa pointi 119.9 kwa mchezo, ikawa ya kwanza katika ligi kwa kufunga. Mwendesha mchezo wake Michael Adams, mtu mfupi kuliko karibu wote uwanjani, alipata wastani wa pointi 26.5, na Orlando Woolridge 25.1. Lakini ilifungwa wastani wa pointi 130.8, na hakuna timu ya ligi hiyo iliyopata kufungwa kiasi hicho katika msimu mmoja. Ilishinda michezo 20 na kushindwa 62, ikawa ya mwisho katika ligi nzima.

Ni haki kusema kwamba Dallas nayo haikufaidi biashara ile, kwa kuwa Lever aliumia goti na hakucheza sana. Hata hivyo hasara ya Denver haikupungua kwa sababu ya bahati mbaya ya Dallas. Pengo aliloliacha mlinzi halikuzibwa na mtu.

KWA NINI MBIO PEKE YAKE HAZITOSHI

Mtu aweza kuuliza: ikiwa timu yafunga kuliko zote, yashindwaje? Jibu limo katika kanuni moja ya mchezo huu ambayo wengi huipita bila kuifikiri. Kila timu ikisha kutupa, mpira huwa wa mwenzake, isipokuwa ikiwa wa kwanza ataudaka tena ubaoni. Kwa hiyo zamu za kushambulia za timu mbili hukaribia kuwa sawa daima. Anayeharakisha mchezo hujiongezea zamu yeye, na humwongezea mpinzani wake zamu zilezile.

Tuchukue mfano. Timu ya kwanza hupata pointi moja kwa kila zamu. Ya pili, kwa sababu ya ulinzi hafifu wa ile ya kwanza, hupata pointi moja na sehemu ya kumi. Wakicheza zamu 100 kila upande, matokeo ni 100 kwa 110. Timu ya kwanza ikisema sasa tukimbie, zamu zikawa 120, matokeo yatakuwa 120 kwa 132. Imefunga pointi ishirini zaidi, watazamaji wamefurahi zaidi, nayo imeshindwa kwa tofauti kubwa zaidi. Msomaji akizitazama tena hesabu za Denver za mwaka 1991, ataona zinafanana mno na mfano huu.

Wavuvi wa ndagala na mukeke hawahitaji kufundishwa jambo hili. Taa huwavuta samaki usiku, lakini wavu ndio uwaletao mtumbwini. Mwenye kuongeza taa juu ya wavu uliotoboka huona samaki wengi, wala hawapati.

Isifikiriwe kuwa mbio zenyewe ni kosa. Los Angeles Lakers ya miaka ya 1980, pamoja na Magic Johnson, ilikimbia na kuchukua ubingwa mara tano. Lakini nyuma ya mbio hizo alikuwako Kareem Abdul-Jabbar chini ya kikapu, na alikuwako Michael Cooper, aliyetajwa kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 1987. Westhead mwenyewe ndiye aliyekuwa kocha wa Lakers walipochukua ubingwa wa 1980. Yaonekana ufundi wa mbio alikwenda nao Denver. Watu wa kulinda nyuma yake hakuwakuta.

MKONGO MWENYE KIDOLE

Katika mwaka 1991, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, Denver ilipata nafasi ya nne ya kuchagua kijana mpya. Safari hii haikuchagua mfungaji. Ilimchagua Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwenye kimo cha mita 2.18.

Siku hewa inapokuwa safi, mtu aliye ufukweni Minago huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kinshasa iko mbali sana nyuma ya milima hiyo, upande wa magharibi kabisa wa nchi. Kutoka huko Mutombo, aliyezaliwa mwaka 1966, alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na nia ya kuwa daktari. Kocha John Thompson ndiye aliyemwingiza katika timu ya chuo na kumfunza kazi moja kubwa, nayo ni kukilinda kikapu. Baadaye, kila alipouzuia mpira wa mpinzani, Mutombo alikuwa akimtikisia kidole kama mzazi amkatazaye mtoto kuingia jikoni na miguu yenye matope. Kidole hicho kilijulikana dunia nzima.

Jengo halikusimama siku moja. Katika mwaka wake wa kwanza timu ilishinda michezo 24, wa pili 36, wa tatu 42. Ushindi huo wa 42 uliiingiza Denver katika mashindano ya mwisho ya 1994 ikiwa ya nane, yaani ya mwisho kabisa, upande wa magharibi. Ilipangiwa Seattle, iliyokuwa ya kwanza kwa ushindi wa michezo 63. Seattle ilishinda michezo miwili ya mwanzo, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Denver ikashinda miwili iliyofuata. Tarehe 7 Mei 1994, huko Seattle, mchezo wa tano uliingia dakika za nyongeza ukamalizika kwa Denver 98, Seattle 94. Mutombo alidaka mpira wa mwisho, akalala chini chali, ameushika kwa mikono miwili juu ya uso wake akicheka. Katika michezo ile mitano alikuwa amezuia mitupo 31. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya nane katika ligi hiyo iliyopata kuitoa timu ya kwanza.

KOSA LILELILE MARA YA PILI

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1996 mkataba wa Mutombo ulikwisha, na Denver haikufikia mapatano naye. Alikwenda Atlanta. Msimu uliofuata Atlanta ilipanda kutoka ushindi wa michezo 46 hadi 56, na Mutombo akatajwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Denver ilishinda michezo 21. Msimu wa 1997-98 ilishinda 11 tu na kushindwa 71.

Mutombo alitunukiwa heshima ya mlinzi bora mara nne, katika miaka ya 1995, 1997, 1998 na 2001. Alizuia mitupo 3,289 katika maisha yake ya mchezo, akipitwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mwaka 2001 Philadelphia, iliyokuwa na mfungaji hodari Allen Iverson, ilimtafuta Mutombo katikati ya msimu ikafika fainali. Fedha zake hazikuishia kwake, kwani alijenga hospitali mjini Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyofunguliwa mwaka 2007. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Denver yenyewe ilingoja kombe lake la kwanza hadi mwaka 2023. Ilikuwa na Nikola Jokić wa Serbia, mfungaji na mgawaji mpira asiye na mfano. Lakini viongozi walijifunza kumzungushia watu wa kuzuia. Mwaka 2021 walimleta Aaron Gordon, na mwaka 2022 wakawatoa Monte Morris na Will Barton, waendesha mashambulizi, ili kumpata Kentavious Caldwell-Pope, ambaye kazi yake kubwa ni kumfuata mfungaji bora wa upande wa pili kila aendako. Mchezo uliowapa ubingwa, tarehe 12 Juni 2023 dhidi ya Miami, ulimalizika kwa 94 kwa 89. Mji uliofunga 184 ukashindwa, na 158 ukashindwa, ulichukua kombe kwa pointi 94.

DAFTARI LA MLINZI

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Lakini kisa chenyewe chatuonyesha pia kwa nini mlinzi hudharauliwa, na dawa yake haihitaji fedha. NBA haikuanza kuhesabu rasmi mipira iliyonyang'anywa na iliyozuiwa mpaka msimu wa 1973-74. Bill Russell, aliyeipatia Boston ubingwa mara 11 katika miaka 13, alistaafu mwaka 1969 bila hata mtupo mmoja aliouzuia kuandikwa katika hesabu za ligi. Kisichoandikwa husahaulika, na kilichosahaulika huuzwa rahisi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Timu ya shule au ya kijiji yaweza kuanza na daftari la senti chache na kalamu. Mtu mmoja akae pembeni ya uwanja aandike mambo manne kwa kila mchezaji: mipira aliyoinyang'anya, mitupo aliyoizuia, mipira aliyoidaka ubaoni, na pointi alizofunga mpinzani aliyepewa amlinde. Baada ya michezo mitano au sita, mwalimu alinganishe daftari hilo na lile la wafungaji. Huenda akakuta kwamba kijana afungaye pointi kumi humwachia mwenzake kumi na nne, na kwamba yule afungaye mbili humnyima mpinzani kumi. Hapo ndipo ataweza kuchagua watano wake kwa haki.

Kazi ya ulinzi nayo hufunzwa kwa vitu vidogo: kukunja magoti, kusimama baina ya mtu na kikapu, kusogeza miguu badala ya kunyoosha mikono, kumwita mwenzako kwa sauti anapopitwa, na kumzuia mpinzani kwa mgongo mpira ungali hewani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kihitajicho viatu vya thamani wala kimo kirefu. Chahitaji mazoezi na moyo wa kufanya kazi isiyoshangiliwa.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na hapa wazazi na watazamaji wana sehemu yao. Mtoto arudipo nyumbani jioni, aghalabu huulizwa amefunga pointi ngapi. Aulizwe pia amemzuia nani. Mtoto aulizwaye swali hilo kila siku atajua kwamba kazi yake inaonekana, na timu yake haitakuwa na sababu ya kumtoa ili kumpisha mwenye kutupa.